Makaburi ya Kambi Saba

Kambi Saba,
kupitia Stesheni ya Munisagara.
14 Juni 1994

Donati,

Mama hajambo, macho yanaendelea kupona. Salamu zimeishia hapo. Sasa sikiliza.

Jumatano walikuja watu wanne kwa gari la kampuni yenu, lile la kijani lenye picha ya twiga ubavuni. Hawakupita kwa Tomasi, mwenyekiti wetu wa kitongoji, wala hawakubisha hodi kwa mtu. Walipanda moja kwa moja mlimani wakashusha kamba na nyundo. Nilikuwa shambani navuna mahindi nikasikia mlio wa nyundo. Nilipofika walikuwa wamekwisha kupigilia vigingi kumi na vinane. Kimoja kimesimama juu ya kaburi la baba, usawa wa kifua chake. Kingine kiko kwa Babu Marko.

Niliuliza nani kawaruhusu. Msimamizi wao akanijibu kwa upole kwamba hapo patajengwa kambi ya watalii, kisha akanipa kipeperushi ili nielewe. Ukurasa wa pili nikakuona wewe, umeshika upinde. Tangu lini umeshika upinde? Binti yake Tomasi anayesoma sekondari alinitafsiria maneno ya chini ya picha: "Donati Mwegoha, Mvidunda, mjukuu wa mwindaji mkuu, atakuongoza katika ardhi ya mababu zake."

Mababu zako walikata mkonge, Donati. Babu Marko alitoka Kasulu kuja kuwa manamba, na mpaka anakufa kwa homa katika kambi hii, nyampara alimwita kwa namba. Baba alibadilisha mataruma ya reli kwa miaka ishirini na sita, na jina lake lilikuwa Timotheo. Hakuna Mwegoha aliyekulea.

Nataka uje uving'oe vigingi hivyo kwa mkono wako mwenyewe. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi.

Dada yako,
Elizabeti Timotheo


Nyika Njema Safari,
Mikumi.
25 Juni 1994

Dada Elizabeti,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Nashukuru uliifunga vizuri, maana hapa ofisini barua hupita mikono mingi.

Umeandika kwa hasira, nami nitakujibu kwa utaratibu. Mradi huu si wa kuja kuchuma na kuondoka. Ni mahema sita tu. Hakuna mti utakaokatwa. Maji ya kuoga yatapashwa kwa jua, chakula kitapikwa katika vyungu vya wafinyanzi, akina Joha, mboga zitanunuliwa kwenu, wafugaji wa bondeni watacheza ngoma yao kila Jumamosi, na kampuni itachimba kisima cha pampu. Wenyewe wanauita utalii endelevu, yaani utalii ambao mwanao ataukuta na mjukuu wako ataukuta. Niambie kitu kingine cha Kambi Saba ambacho mjukuu wako atakikuta. Mkonge umekufa. Vijana wanachoma mkaa na mlima unaisha. Watu wa Lumuma waliililia kampuni hii iende kwao. Mimi ndiye niliyeileta kwetu.

Kuhusu makaburi, taarifa ya upimaji inasema hayapo. Yanayoonekana ni mawe. Misalaba iliungua kwa moto wa nyika kabla sijamaliza shule. Na ukoo wetu umeridhia kwa maandishi. Dole gumba la mama liko kwenye karatasi, nakala anayo Tomasi. Kaisome.

Kuhusu jina. Siku ya usaili mkurugenzi aliniuliza kabila. Nikamweleza ukweli wote, Kasulu, mkonge na reli. Akafunga daftari lake akasema, "Wageni wangu hawapandi ndege kuja kuona wapita njia." Baada ya wiki mbili nilirudi na jina lingine. Hata hakunikumbuka. Ulitaka nifanye nini, nirudi kuchoma mkaa? Wewe umezaliwa hapo, una miaka thelathini na tisa, na bado Joha akikukasirikia anakuita mtu wa kuja. Mimi nimechoka kuwa mtu wa kuja.

Vigingi vitabaki.

Donati


Kambi Saba,
9 Julai 1994

Donati,

Nimeisoma hiyo karatasi, Tomasi amenipa nakala yake. Inasema familia ya marehemu Timotheo haina kaburi wala dai lolote mlimani. Chini kuna dole gumba na tarehe 19 Aprili. Mwezi huo wa Aprili mama alikuwa amelazwa Berega, amepasuliwa macho yote mawili, kafungwa bendeji, haoni hata mkono wake. Dole hilo ni la nani? Umechovya la kwako?

Tomasi aliitisha mkutano Jumapili baada ya ibada. Nikasimama nikasema yote. Wafugaji walisema hawana neno na wafu wa mtu, ila kisima kikichimbwa wanyweshe na ng'ombe. Vijana wakauliza kampuni itaajiri wangapi. Kisha akasimama Joha. Unamjua, yeye na wafinyanzi wenzake ndio wenye sauti, maana wazee wao walikuwapo hapa kabla ya reli. Akaniangalia usoni akasema, "Wafu wenu walikuja kwa mkataba, Elizabeti, na mkataba umekwisha. Sisi tunataka soko la vyungu." Watu wakacheka. Si wote, lakini walicheka.

Mama alikuwa amekaa mstari wa mbele, kanga imemfunika mpaka usoni. Nilimngoja aseme neno. Hakusema. Nilidhani ni macho yanamuuma.

Umepata ulichotaka. Kijiji kizima kiko upande wako, na mimi niko peke yangu na mawe yangu. Lakini kughushi dole la mama yako mzazi si jambo la mkutano. Jana nilipanda treni hadi mjini nikaandikisha maelezo polisi. Nimewapa jina lako la kweli. Hilo lingine sina ruhusa ya kulitumia.

Na neno lako hilo, endelevu. Nilitaka kukuuliza, endelevu kwa nani?

Elizabeti


Hospitali ya Berega,
21 Julai 1994

Mwanangu Donati,

Anayekuandikia ni Irine, muuguzi aliyenihudumia nilipolazwa. Nimekuja kuangaliwa macho, wamesema yamepona. Nimemwomba aandike kila ninalosema bila kunirekebisha. Dada yako hajui kuhusu barua hii.

Siku ile ya Aprili ulinikuta kitandani. Ulikuja na machungwa, ukanimenyea moja moja na kunitolea mbegu kama mimi ndiye mtoto. Nilifurahi sana. Ukaniambia kampuni yako inataka kuzungushia makaburi uzio ili ng'ombe wasiyakanyage, inahitaji dole langu tu. Nikakuambia, nisomee. Ukanisomea. Ulisoma polepole, kwa sauti kama ya baba yako akisoma Biblia. Uzio wa seng'enge. Lango la kufunga. Jina la kila marehemu kwenye kibao. Nililia chini ya bendeji mpaka Irine akanigombeza kwamba nitaharibu kazi ya madaktari. Kisha ukanishika kidole.

Nakala niliikuta kwa dada yako, chini ya godoro, nikaja nayo huku. Leo Irine amenisomea. Nimemwomba arudie mara tatu. Hakuna uzio humo, Donati. Hakuna lango wala kibao.

Dada yako anadhani umeghushi. Mkutanoni nilinyamaza. Nilijua dole ni langu, lakini nilipomsikia akisema yaliyoandikwa sikuamini, nikasema moyoni labda amekosea kusoma. Nilimdhania vibaya mtoto aliyenisomea kweli ili nisimdhanie vibaya aliyenisomea uongo. Kunyamaza kwangu ndiko kulikompeleka polisi.

Sikusemi kwa ukali, sina nguvu hiyo. Nasema tu kwamba tangu asubuhi sijataka kula. Mweleze dada yako mwenyewe. Nikifika nyumbani nikakuta hujamweleza, nitamweleza mimi.

Mama yako,
Paulina


Mikumi,
1 Agosti 1994

Elizabeti,

Umefurahi sasa?

Polisi walikuja kambini hapa Mikumi saa mbili asubuhi. Wageni kumi na mmoja walikuwa mezani wanakunywa chai. Askari akauliza kwa sauti, "Donati Timotheo ni nani hapa?" Hakuna aliyejibu, kwa sababu hapa hakuna anayemjua mtu huyo. Wakaangaliana. Ilibidi nisimame mwenyewe na kuwaambia wageni kwa Kiingereza kwamba pamekuwa na makosa ya jina, nisubirini, tutakwenda kuwaangalia viboko nikirudi. Nilihojiwa tangu asubuhi hadi alasiri. Waliniachia bila dhamana, lakini wafanyakazi wote wananitazama kama mwizi wa kuku. Bahati yangu mkurugenzi alikuwa safarini.

Hukuja kuniuliza. Hukupanda basi, hukunitazama usoni, hukusema mdogo wangu hebu nieleze. Ulikwenda moja kwa moja kwa askari, kama vile ulikuwa unangoja miaka yote sababu ya kwenda.

Sikughushi chochote. Dole ni la mama. Muulize yeye. Zaidi ya hapo sina la kukuambia.

Mahema yanapandishwa tarehe 12. Mkurugenzi mwenyewe atakuwapo. Ukitaka kuzuia kazuie, lakini usiniandikie tena.

D.


Kambi Saba,
16 Agosti 1994

Donati,

Umesema nisikuandikie. Nakuandikia.

Nilimuuliza mama. Alinieleza yote, machungwa na lango la kufunga. Alipomaliza akaniomba radhi mimi, eti kwa kunyamaza. Kesho yake nilirudi polisi nikafuta maelezo yangu, kwa sababu hukughushi. Askari akaniuliza, basi kosa lake ni lipi? Nikamsimulia. Akaweka kalamu chini akaniambia, "Mama, hilo halina kifungu."

Tarehe 12 asubuhi mama alijifunga kanga mbili, akachukua fimbo yake, akapanda mlima kabla sijamaliza kufagia uwanja. Gari lilipofika lilimkuta ameketi chini pembeni ya kaburi la baba, amenyoosha miguu. Vijana wa mahema hawakujua wafanye nini. Wakamsalimia, akawaitikia marahaba, akabaki pale pale.

Joha naye alipanda na wenzake, wamebeba vyungu vya kuuzia kampuni. Alipomwona mama akasema kwa kejeli, "Paulina, unalinda mawe?" Mama hakukasirika. Alianza kumwonyesha kwa fimbo, safu kwa safu. Huyu alitoka Songea. Huyu Mrundi, alipigwa na winchi kiwandani. Hawa wawili ndugu kutoka Nyasa, walikufa siku moja. Alikuwa anawajua wote, mimi nilikuwa najua wetu tu. Alipofika safu ya nne akasema, "Na huyu ni shangazi yako Yusrah. Mlimkataa alipoolewa na manamba. Nilimwosha mimi, maana kwenu hakuja mtu."

Joha aliweka chungu chini. Usidhani alilia au alituomba msamaha, hakufanya hivyo. Alikwenda mpaka pale, akaking'oa kigingi kilichokuwa juu ya shangazi yake, hicho kimoja tu, akakitupa majanini. Kisha akabeba vyungu vyake akashuka. Wafinyanzi wote wakamfuata.

Mkurugenzi wako alikuwa anatazama, yeye na wageni wake aliokuja nao. Akamtuma dereva wake, Kelvin, aulize huyu bibi ni nani. Mama akasema, "Mwambie ni mama yake Donati wake wa upinde." Kelvin hakutaka kutafsiri. Mama akamwambia tafsiri, mwanangu, hukutunga wewe. Yule bwana alimrudisha Kelvin mara mbili aulize tena. Halafu akaamuru mahema yapakiwe, yakapandishwe chini kule kando ya mto.

Kwa hiyo sasa wanajua wewe ni nani. Sikuwaambia mimi. Sitasema pole.

Ungemsomea mama karatasi ile kama ilivyo, angekataa, nawe ungekosa mahema sita mlimani. Hukutaka kukosa hata hayo.

Elizabeti


Mikumi mjini,
4 Septemba 1994

Dada Elizabeti,

Shikamoo.

Sikai tena kambini. Nakueleza ilivyokuwa kwa sababu utasikia kwa Kelvin, na Kelvin huongeza chumvi.

Mkurugenzi aliniita. Nilikwenda na begi langu limekwisha kufungwa, nikijua nafukuzwa. Badala yake nilimkuta anatabasamu. Akaniambia nilikuwa mjinga kumficha kitu kizuri kama hicho. Wageni wake wa Agosti, wale waliokuwa naye mlimani, hawakuzungumza jambo lingine wakati wote wa chakula ila yule bibi na makaburi yake. Wapita njia wale wale aliowakataa siku ya usaili, sasa wana soko. Alikuwa amekwisha kuchora mpango. Kila Jumamosi, baada ya ngoma ya wafugaji, niwapandishe wageni mlimani niwasimulie habari za manamba. Na mama awepo. Awe ameketi pale pale, amenyoosha miguu vile vile, kwa kanga zile zile, ili wapige picha. Alisema atalipwa vizuri kuliko mfinyanzi yeyote.

Nilimwambia mama yangu si twiga.

Alidhani natania. Akaniuliza tena nikamjibu hivyo hivyo, nikaweka funguo mezani. Sasa niko stendi hapa barabara kuu, nawachomea mahindi madereva wa malori ya Zambia. Nimerudia jina langu, ingawa kwenye mahindi hakuna anayeuliza.

Usijidanganye kwamba nilifanya hivyo kwa ajili yako. Uliniletea askari bila kuniuliza, na hilo sijakusamehe. Na mradi wenyewe bado nasema ulikuwa mzuri. Mlima ule utaisha kwa mkaa mkiwa mmekaa mnaulinda. Kosa halikuwa kuleta wageni. Kosa lilikuwa langu, nalijua lilipo, na sihitaji ulitaje katika kila barua.

Mama nitamwomba radhi kwa mdomo. Kwa karatasi siwezi tena, hata yeye hataamini. Lakini siji nyumbani kwako, maana najua utasimama mlangoni.

Donati Timotheo


Kambi Saba,
20 Novemba 1994

Donati,

Barua hii naiandika kwa niaba ya kamati ya kitongoji, ndiyo sababu ina muhuri.

Kambi imesimama kando ya mto, na wageni wanakuja. Mkurugenzi alituma tena watu kuomba njia ya kupandia makaburini. Tulikaa kikao siku mbili. Mimi nilisema hapana. Joha akasema na yeye sasa ana mtu wake pale juu, kwa hiyo ana haki ya kusema zaidi ya aliyokuwa nayo mwanzo, na yeye anasema waje. Tuligombana sana. Aliniita tena mtu wa kuja, mbele ya wote, kisha akaomba nimpishe akae karibu na mama.

Mwisho tukaandika masharti. Hakuna kamera. Hakuna wa kukalishwa ili atazamwe. Mkaa hauchomwi tena upande ule wa mlima, na kampuni inalipa walinzi wawili vijana wa hapa. Sharti la mwisho alilitoa mama. Alisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa hawakai siku tatu, basi wapewe siku hiyo hiyo. Anayetaka kuingia makaburini apalilie kaburi moja. Asiyetaka abaki chini anywe chai. Mkurugenzi alisema hakuna mzungu atakayekubali. Jumamosi ya kwanza walipanda saba.

Mama mmoja wa makamo, mwekundu kwa jua, alipewa kaburi la Babu Marko. Alipalilia vibaya lakini alimaliza. Kisha akaniuliza kitu. Sikuelewa. Akauliza tena, akionyesha jiwe. Nikasema, "Marko. Kasulu." Akarudia, "Marko, Kasulu." Akaonyesha jiwe la pili. Tulikwenda hivyo safu nzima, jina na mahali, jina na mahali, na mimi nina mengi ya kusema na siwezi.

Kamati inataka mtu anayejua Kiingereza na anayeyajua makaburi. Ataajiriwa na kitongoji, si kampuni. Atasimulia yaliyotokea, bila upinde. Tomasi alitaja jina lako, wote wakanitazama mimi. Sikupinga. Kutopinga si sawa na kukutaja, usije ukachanganya.

Ukikubali, uje kwa treni kabla ya mvua kukolea. Utafikia kwa Tomasi. Nyumbani kwangu hujakaribishwa. Mama atakuja huko kukuona, akusikilize hilo unalotaka kumwambia kwa mdomo. Akisharidhika yeye, mimi na wewe tutaanza yetu, na hayataisha kwa siku moja.

Mama anakusalimu. Mimi bado.

Elizabeti Timotheo
Katibu